Randa Kuukuu: Historia Inayopungua kwa Kunolewa

Ukifungua kamusi ya Kiswahili kwenye herufi R utakuta randa mbili zimekaa jirani. Moja ni kitenzi: mtu anaranda, yaani anatembea kwa madaha au anacheza kwa furaha. Nyingine ni kile kifaa cha seremala cha kulainishia mbao. Sisi tunaoshinda na vitabu tumezoea zaidi ile ya kwanza. Leo nataka kuizungumzia ya pili, kwa sababu imebeba kipande cha historia ya Dar es Salaam, na kwa sababu kipande hicho siku hizi kinauzwa kwa kilo.

Tuanze na jina lenyewe. Randa ni neno la Kiajemi, na ndilo hilohilo wanalotumia maseremala wa India na Pakistani. Patasi imetujia kutoka India. Msumari ni Kiarabu. Msumeno umebeba meno yake waziwazi ndani ya jina, na kinoo kimetokana na kitenzi chetu cha kunoa. Msasa, ambao leo ni karatasi ya dukani, kwanza ulikuwa mti: majani yake yana mikwaruzo, na mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao. Chukua sanduku la fundi mmoja wa Kariakoo, taja vilivyomo kimoja kimoja, na utakuwa umeshaizunguka Bahari ya Hindi bila kufungua atlasi.

Na mji wenyewe umejengwa kwa mikono ya watu wenye masanduku hayo. Sultani Majid alipoanza kuijenga Dar es Salaam miaka ya 1860, mawe ya matumbawe yalihitaji boriti za mikoko za kubeba dari, na milango ya kufunga. Hata Magogoni, huku kwenye kivuko na Ikulu, jina linasema lenyewe: mahali penye magogo. Wakati huo kule Bagamoyo misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 ilikuwa na karakana zake, na watu waliokombolewa utumwani walifundishwa useremala humo. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, ikafika Kigoma 1914. Tunapoitaja reli tunafikiria chuma, lakini stesheni zina milango na madirisha, ofisi zina meza, mabehewa yana mbao. Mtu fulani alizinyoosha mbao hizo.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia mjini mwaka 1916, na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kikaacha jina ambalo midomo yetu iliigeuza kuwa Kariakoo. Wapagazi hao walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Baada ya vita Waingereza wakaugawa mji kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ikawa ya Waafrika. Nyumba za Kiswahili zikapandana mtaa kwa mtaa, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Hesabu milango ya nyumba moja tu ya vyumba sita, madirisha yake na vitanda vyake, halafu zidisha kwa mtaa mzima. Mwaka 1927 mji ukapata Sanamu ya Askari, ambayo bado imesimama pale pale Samora. Seremala hana sanamu.

Vitabu vya historia ya Dar es Salaam vipo, na vingine ni vizuri sana. Lakini mwanahistoria hufuata karatasi, na seremala wa Kariakoo hakuacha karatasi nyingi. Aliacha vifaa. Ndiyo maana nasema randa kuukuu inaweza kusomwa kama hati, mradi ujue mistari yake iko wapi.

Ninayoisoma mimi niliinunua upande wa Gerezani, kwa mzee anayetandika turubai chini na kupanga spana, nyundo zisizo na mipini na koleo zilizokufa kwa kutu.

"Shikamoo mzee. Hii randa unauzaje?"

"Marahaba. Hiyo? Hiyo mwanangu imeshakwisha. Mwenye mizani akipita jioni naipima na vyuma chakavu. Wewe kijana wa siku hizi tafuta ya umeme."

Nilimwambia naitaka hiyohiyo. Akanitazama kama mtu anayenunua kandambili ya mguu mmoja, akanipa.

Ni randa ya chuma ya kulainishia, fupi, ya kushikwa kwa mikono miwili. Ubavuni ina maandishi ya Kiingereza kwamba imetengenezwa Uingereza. Umbo lake lakini ni la Mmarekani. Leonard Bailey wa Boston ndiye aliyebuni utaratibu huu kwenye miaka ya 1850 na 1860: kisu kinalala kwenye mteremko wa digrii 45, juu yake kuna bamba la kuvunja maranda, na nyuma kuna gurudumu dogo la shaba ambalo ukilizungusha kisu kinatoka au kinarudi kidogo sana. Kabla ya hapo fundi alikuwa na randa ya mbao, na kisu alikirekebisha kwa kugonga kabari kwa nyundo. Mwaka 1869 kampuni ya Stanley ya Connecticut ilinunua haki za Bailey, na umbo hilo likaenea duniani kiasi kwamba viwanda vya Sheffield, vya India na vya China vyote vimelinakili. Kwa hiyo chombo chenye jina la Kiajemi, ubunifu wa Boston na chuma cha Uingereza kilikuwa kimelala kwenye turubai Gerezani kikisubiri mizani.

Randa kama hii iliweza kufika Kariakoo kwa njia zaidi ya moja. Wapo mafundi walionunua zao madukani enzi za mkoloni, na zipo zilizotoka kwenye karakana za serikali na shule za ufundi. Njia nyingine ni ya baadaye. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tuliimba kujitegemea, na mwaka 1973 likaundwa shirika la SIDO la viwanda vidogo. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaadimika, na miaka ya themanini hata sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse randa. Katika mwaka huohuo wa 1979, Uingereza ilianzishwa asasi iitwayo Tools for Self Reliance, yaani Vifaa vya Kujitegemea. Watu wa kujitolea kule, wengi wao wastaafu, hukusanya vifaa vilivyotupwa kwenye mabanda, huvisugua, huvinoa, kisha huvipeleka kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Kuna kejeli kidogo hapo, kujitegemea kwa vifaa vya mitumba. Lakini mimi siicheki sana. Fundi aliyepata randa kali mwaka wa dhiki hakuuliza ilitoka banda gani.

Sasa, kuifufua. Nilifungua skrubu zote na kuzipanga kwa mpangilio juu ya gazeti. Kutu ya juu ilitoka kwa mafuta ya taa na stili waya ya kusugulia masufuria; iliyokaidi niliilaza kwenye siki usiku mmoja, nikaiosha na kuikausha vizuri asubuhi. Kisha tako la randa, yaani upande unaolala juu ya mbao. Hapo unahitaji kioo kinene, msasa uliobandikwa juu yake, na kalamu. Unachora mistari kwenye tako, unasugua, unatazama. Palipobaki wino ni bonde. Unaendelea mpaka wino uishe.

Na bonde la randa yangu lilikuwa na habari. Chuma kilikuwa kimeliwa zaidi upande wa kushoto karibu na ncha, alama ya mkono uliokuwa na tabia yake, uliosukuma vilevile miaka na miaka. Mpini wa nyuma haukuwa wa kiwandani. Wa kiwandani ulishavunjika, mtu akachonga mwingine kwa mninga, akaunenepesha kidogo kutoshea kiganja chake, na chini yake akakata chale tatu. Karakana zenye mafundi wengi hutia alama hivyo ili randa ya mtu isipotee. Sikumjua huyo mtu, lakini kiganja changu kinaingia pale kilipokuwa chake.

Hapa ndipo kazi yangu ilipogeuka kuwa swali. Wapo wapenzi wa vifaa vya kale wanaopenda kukirudisha kitu jinsi kilivyotoka kiwandani: rangi mpya, mpini wa asili, shaba inang'aa. Ningefanya hivyo ningepata randa nzuri ya Uingereza na ningemfuta fundi wa Dar es Salaam. Nikauacha mpini wa mninga na chale zake. Tako nililinyoosha, kwa sababu randa isiyolala sawa haifanyi kazi. Kwa kulinyoosha nilifuta mstari mmoja wa hati, nikijua ninachofanya.

Kisu kina hesabu yake kali zaidi. Unaanza na mgongo: unaulaza juu ya jiwe na kuusugua karibu na ncha mpaka unakuwa kama kioo, maana makali ni mahali pande mbili zinapokutana, na upande mmoja ukiwa mbovu makali hayapo. Kisha mteremko wa mbele, digrii 25. Kisha unainua kisu kidogo, digrii 30 hivi, unanoa ncha peke yake kwenye jiwe la mafuta, hadi ukipapasa mgongo unahisi chuma chembamba kimejikunja upande wa pili. Hicho unakiondoa taratibu, mwisho unapitisha kisu kwenye ngozi. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha hatua hii. Hatusemi tu kisu kikali, tunasema kisu kinapata.

Na kila kikipata, kinapungua. Kisu cha randa yangu kimebakiwa na upana wa kidole gumba kabla makali hayajafika kwenye tundu la skrubu. Kilichokosekana ni kalenda. Mbao za kwetu si za mchezo. Mvule huficha mawe madogo ya chokaa ndani ya mti na kuchuna makali ghafla. Mkongo ni mzito. Fundi aliyezifanyia kazi alinoa mara nyingi, na kila mara alitumia sehemu ya kifaa chake ili mlango wa mtu mwingine ufunge vizuri.

Siku hizi ukienda Keko utakuta mashine zinavuma, mbao inaingia huku na kutoka kule ikiwa laini. Ni sawa, na mafundi wanakula. Mashine haimdhulumu mtu kwa kuwa na kasi. Ila randa ya mkono bado inatakiwa pale mlango unapovimba masika, au umeme unapokatika na mteja amesimama mlangoni. Niliiegemeza yangu kwenye ubao wa paina wa Sao Hill, nikapaka tako mshumaa, nikasukuma. Maranda yalitoka marefu, membamba, yenye harufu ya utomvu.

Kinachonisumbua ni mizani ya jioni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na katika mji huu vya zamani havikai uzeeni, vinayeyushwa. Chuma cha randa kikiyeyushwa kitakuwa nondo, na nondo haikumbuki mkono wa mtu. Kuining'iniza ukutani kwenye jumba la makumbusho ni afadhali kuliko hivyo, lakini hapo inageuka picha. Mimi nachagua njia ya tatu, yenye hasara yake: itumike, inolewe, ipungue, na kabla haijaisha mtu aandike ilipopita.

Kwa hiyo nina ombi kwa ninyi mnaosoma hapa, hasa mnaoandika. Kama kuna sanduku la vifaa nyumbani kwenu, la babu au la mjomba, lifungueni. Geuzeni randa, someni ubavu wake, tazameni mpini na chale. Mwenyewe akiwa hai, mpeni shikamoo mumuulize alijifunza kwa nani, karakana ipi, na milango yake iko mitaa gani. Andikeni majina na mitaa kwenye daftari. Mwenye mizani anapita mtaani kila siku, na yeye haulizi swali lolote zaidi ya uzito.