Hodi ya Angani: Ulinzi wa Anga katika Nchi ya Mara

Mapema mwezi wa Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, walinzi wa anga wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliokuwa Musoma waliona ndege zikija. Walipiga, wakapata. Ndege tatu zilianguka, na zote tatu zilikuwa za Tanzania.

Wasimuliaji wa vita vile hulipa tukio hili mistari michache, kisha huharakisha kwenda Masaka na Lukaya. Haraka hiyo si ya haki. Ndani ya msiba wa Musoma mna swali lile lile ambalo hata leo huwanyima usingizi wenye kulinda anga dhidi ya kombora la kruzi: ajaye ni nani, na muda wa kumwuliza ni kiasi gani?

Ni rahisi kuwalaumu wapiga mizinga wale, lakini hofu yao ilikuwa na asili. Mwaka 1972 ndege za Amin zilishambulia Bukoba na Mwanza. Oktoba 1978 zilirudi tena Bukoba. Zaidi ya hayo, Uganda ilirusha MiG za Kisovieti, na Tanzania ilirusha ndege zilizoundwa China kwa kufuata mfano wa MiG hizo hizo. Ukoo mmoja wa ndege ulikuwa umegawanyika pande mbili za vita. Mtu atazamaye kutoka chini, jua likimulika juu ya ziwa, na kitu chenye mabawa yaliyolala nyuma kikimjia kwa kasi, atambue kwa alama gani?

Mswahili afikapo mlangoni usiku hupiga hodi, na mwenye nyumba humjua kwa sauti. Tangu vita vikuu vya pili wanajeshi wametafuta hodi ya namna hiyo kwa redio: chombo cha chini huuliza kwa ishara ya siri, na chombo kilicho ndani ya ndege hujibu chenyewe. Ajibuye ni mwenzetu. Asiyejibu, je, ni adui? Hapo ndipo penye mtego, kwa maana chombo cha rafiki chaweza kuharibika, au ishara zikawa zimebadilishwa asubuhi ile na habari haijamfikia rubani. Kombora la kruzi halijibu kamwe. Hivyo kimya cha adui na kimya cha ndugu husikika sawasawa.

Kombora hilo ni ndege ndogo isiyo na rubani, iendayo kwa injini hadi mwisho wa safari yake. La kwanza kutumiwa kwa wingi lilikuwa V-1 la Wajerumani, lililoanza kuangukia Uingereza tarehe 13 Juni 1944. Waingereza waliihamisha mizinga yao hadi pwani, wakaitia rada, mashine za kukokotoa shabaha, na risasi zilizopasuka zenyewe zikaribiapo chombo. Kufika mwisho wa Agosti, sehemu kubwa ya makombora yaliyorushwa haikufika London. Lakini V-1 lilikwenda juu, mita mia kadhaa. Wajukuu wake huenda chini, na uhodari wao wote umo katika kujificha.

Mawimbi ya rada huenda karibu sawa na mwanga, na dunia ni mviringo. Rada yenye antena ya mita 10, ikiwekwa ufukoni mwa ziwa, italiona kombora liendalo mita 50 juu ya maji likiwa umbali wa kilomita 42 hivi. Kombora likikata mita 240 kwa sekunde, mlinzi amebakiwa na dakika tatu pungufu. Na katika dakika hizo yampasa kuona, kuuliza, kuamua na kupiga. Ipandishwe rada hiyo hiyo kwenye nyanda za juu za Tarime, mita 500 juu ya ziwa, na upeo wake wafikia kilomita 120 na ushei, yaani dakika nane. Nchi yenyewe imempa mlinzi dakika tano za bure. Ila nchi ile ile humnyang'anya kwa mkono wa pili: chombo kipitacho bondeni mwa mto Mara hufunikwa na vilima, na rada iliyo juu haioni nyuma ya kilima cha jirani. Ndiyo sababu mataifa yenye uwezo huipandisha rada ndani ya ndege. Kutoka mita 9,000 huona hata kilomita 400, na mabonde hugeuka sahani.

Hata hivyo, kutazama kutoka juu kuna adha yake. Ardhi nzima hurudisha mwangwi: miti, mapaa ya bati, mawe. Rada huchuja mwangwi huo kwa kupima mabadiliko ya mawimbi yaletwayo na mwendo wa kitu. Kundi la nyumbu wa Serengeti likihama lina mwendo, lakini mwendo wake ni wa miguu. Kombora hukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa, nalo hujitenga na vyote vilivyo chini yake.

Lakini rada, iwe bora namna gani, hutazama kule ilikoelekezwa. Tarehe 14 Septemba 2019 mitambo ya mafuta ya Abqaiq, Saudia, ilishambuliwa kwa makombora ya kruzi na ndege zisizo na rubani, katika nchi iliyokuwa imenunua silaha za ulinzi ghali kuliko nyingi duniani. Silaha hizo zilitungwa hasa kwa kutazamia makombora yashukayo kutoka juu sana. Hawa walikuja wakinyata. Ukraine, tangu ilipovamiwa mwaka 2022, imetega pia maelfu ya vipaza sauti nchini mwake ili kuusikia mngurumo na kuufuata njia yake. Mtu wa Tarime hangeshangaa. Katika wilaya ile na jirani yake Serengeti, ambako wizi wa ng'ombe umekuwa balaa ya miaka mingi, yowe hupokewa mji kwa mji, na wenye mbio hukata njia mbele ya wezi badala ya kuwafuata nyuma.

Kukata njia mbele ndiko hasa kutungua kwa siku hizi. Strela-2, kombora la begani la miaka ya vita vya Kagera, lilinusa joto la injini, na kwa kawaida mpigaji alilazimika kungoja ndege impite ndipo aifyatulie kwa nyuma, pengine bomu limekwisha anguka. Makombora ya sasa hupewa mahali pa kukutania. Huongozwa kutoka chini kwa sehemu ya safari. Yakaribiapo, jicho lao wenyewe hushika kazi, na baruti hulipuka kando ya adui ili vipande vimchane. Nyuma yake hubaki mizinga ya karibu, tumaini la mwisho.

Mwaka 1979 ulinzi wa namna hiyo haukuwako ziwani. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja kuchoma matangi ya mafuta ya Mwanza. Iliyakosa. Makombora yake yaliangukia kisiwa cha Saanane, palipokuwa hifadhi ya wanyama, na waliokufa ni swala.