Chura na Majina Yake katika Bonde la Ufa

Neno chura, kama lilivyofasiriwa katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, hubeba jamii mbili ambazo Waingereza huzipa majina mawili. Hata hivyo, maumbile huzitenganisha. Mwenye ngozi kavu yenye vinundu, miguu mifupi na tezi za sumu nyuma ya macho huweza kuishi mbali na maji. Mwenye ngozi laini yenye unyevu na miguu mirefu aghalabu hayaachi. Katika matete ya Ziwa Naivasha wamo wadogo ambao ncha za vidole vyao zimepanuka ili kushika majani. Ziwa Nakuru lina magadi. Hivyo makazi ya vyura huko ni chemchemi na mito, kama vile Njoro.

Mwaka 1911 Andersson alimwita chura mmoja wa nyanda za juu za Kenya Bufo lonnbergi, kwa heshima ya Lönnberg, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi. Mwaka 2006 chura huyo alihamishiwa katika jenasi ya Mertensophryne. Jina lilibadilika, umbo likabaki lilelile. Kwa hiyo mtunga kamusi hana budi kuijenga fasili yake juu ya ngozi, miguu na makazi.