Hesabu za sekondari: mzazi apange vipi kuanzia Gredi ya 9 hadi chuo

Kila mwaka wazazi hunijia na swali moja kwa namna mbalimbali: mtoto wangu hesabu zinamshinda, nimchagulie nini? Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimefundisha sekondari hapa Pwani miaka mingi, na jibu langu huanza na neno moja. Kushuka kutoka hesabu nzito kwenda nyepesi ni rahisi, siku yoyote mlango uko wazi. Kupanda kutoka nyepesi kwenda nzito ni vigumu, na kila muhula ukipita mlango unazidi kufungika. Basi uamuzi huu usifanywe kwa hofu, wala kwa kufuata marafiki, wala kwa matokeo ya mtihani mmoja wa muhula.

Makala haya nimeyapanga mzazi aweze kukaa nayo pamoja na mtoto wake, hatua kwa hatua.

Mifumo miwili nyumba moja

Hivi sasa nyumba nyingi zina watoto wa mifumo miwili. Walio kidato cha tatu na cha nne mwaka huu wa 2026 ni wa 8-4-4. Hawa watafanya KCSE, na kundi la mwisho litafanya 2027. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 ndio kundi la kwanza la sekondari ya juu katika mfumo mpya, na watamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Nyuma yao wako wa Gredi ya 9, ambao wanangojea mtihani wa KJSEA mwisho wa mwaka.

Ushauri wa kaka aliye kidato cha nne haumfai moja kwa moja mdogo wake wa Gredi ya 9. Kaka ana hisabati moja tu, ile wanayofanya darasa zima. Mdogo ana mbili za kuchagua.

Core na Essential ni nini?

Sekondari ya juu ina mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, yaani STEM, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Mwanzoni ilipangwa kwamba hisabati isiwe lazima kwa wote. Mwaka 2025, baada ya malalamiko mengi, serikali ikaamua kila mwanafunzi asome hisabati, ila kwa ngazi mbili. Mwanafunzi wa STEM husoma Core Mathematics. Wa mikondo mingine wamewekewa Essential Mathematics. Wanafunzi wenyewe husema Core na Essential, nami nitasema hivyo hivyo.

Core ndiyo hesabu kamili: logarithimu, milinganyo ya kipeo cha pili, trigonometria, vekta, takwimu, na mbele huko kalkulasi. Essential imepunguzwa uzito na inalenga matumizi ya kila siku: fedha, vipimo, kusoma takwimu. Essential si aibu. Mtoto mwenye kipaji cha lugha, uchoraji au soka, na ambaye kweli njia yake ni hiyo, inamtosha. Shida ni mtoto anayeingia Essential kwa kukimbia Core, huku ndoto yake inadai Core.

Anza na kazi, kisha urudi nyuma

Mwulize mtoto anataka kuwa nani. Usimkatize wala usimcheke. Akitaja kazi tatu, ziandike zote tatu, kisha kwa kila moja tazameni chuoni wanaitisha nini. Masharti ya KCSE ndiyo kipimo tulicho nacho mkononi, na mantiki yake haitabadilika sana: mhandisi ni mhandisi tu.

Kozi za uhandisi kwa kawaida huitisha C+ katika hisabati, fizikia na kemia. Ramani za majengo, upimaji wa ardhi, kompyuta, takwimu na bima zote zinasimama juu ya hesabu. Muuguzi hukokotoa kiasi cha dawa kwa uzito wa mgonjwa, na hapo kosa la nukta ya desimali ni hatari. Fundi wa umeme na fundi wa majokofu hawaepuki fomula.

Kwetu Pwani kuna bahari na bandari. Kijana anayetaka kuwa nahodha au mhandisi wa meli ajue kwamba ubaharia ni hesabu kutoka mwanzo hadi mwisho. Digrii moja ya latitudo ni maili 60 za baharini. Mombasa iko karibu digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hivyo kutoka hapa hadi ikweta, ukienda kaskazini moja kwa moja, ni karibu maili 240 za baharini. Somo hili la latitudo na longitudo limo katika hisabati ya kidato cha nne. Mtoto wa pwani asiyelielewa anawaachia wa bara kazi ya bahari yake mwenyewe.

Sasa mtego ambao wazazi wengi hawauoni. Somo la Biashara liko katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Mtoto anayependa biashara huchagua mkondo huo, na ni sawa, lakini pamoja nao huja Essential. Baadaye anataka kusomea uchumi, fedha au uhasibu wa chuo kikuu, na huko hesabu inayotakiwa ni nzito. Kama mtoto wako ni wa namna hii, mwulize mkuu wa shule mapema kabisa kama shule yake itamruhusu kufanya Core ndani ya mkondo wake. Usingoje Gredi ya 11.

Ikiwa mtoto hajui anataka nini, na wengi wa miaka 15 hawajui, mweke upande wa Core ikiwa msingi wake unaruhusu. Akigundua mbele kwamba yeye ni mtu wa fasihi, hajapoteza kitu.

Pima msingi kabla ya Gredi ya 10

Wengi wanaosemwa "hawana kichwa cha hesabu" wana mapengo manne tu ya zamani: sehemu, namba hasi, aljebra ya mwanzo, na asilimia. Mpe mtoto maswali haya bila kikokotoo, umwache peke yake dakika kumi:

1. Robo tatu kujumlisha sudusi moja ni ngapi?
2. Toa hasi 7 kutoka hasi 3.
3. Ikiwa 5x − 3 = 2x + 9, x ni ngapi?
4. Shati la shilingi 800 limepunguzwa bei kwa asilimia 15. Linauzwa ngapi?

Majibu ni 11/12, 4, 4 na shilingi 680. Akipata yote bila kusita, Core haitamtisha. Akikosa moja au mbili, pengo limejulikana, na likizo moja ya kazi ya kila siku hulifunika. Akikosa yote, msimwendeshe mbio kwenye mada mpya. Rudini kwenye vitabu vya Gredi ya 6 na 7 bila haya. Nyumba haipauliwi kabla ya kuta kusimama.

Watoto wetu wa madrasa wana hazina wasiyojua kuitumia. Mtoto aliyesoma mirathi anajua kwamba mke akifariki akaacha mume, mama na mtoto mmoja wa kiume, mume hupata robo, mama sudusi, na mtoto kilichobaki. Mwambie aandike hivyo kwa hesabu ya shuleni: 3/12, 2/12, na kilichobaki ni 7/12. Tayari amejumlisha na kutoa sehemu zenye asili tofauti. Al-Khwarizmi, aliyeandika huko Baghdad karne ya 9 kitabu kilichotupa neno aljebra, aliweka ndani yake mlango mkubwa wa mirathi na wasia. Hesabu si kitu kigeni kwetu.

Jambo jingine la Gredi ya 9: matokeo ya mwisho hayatokani na KJSEA peke yake. KJSEA yenyewe ni asilimia 60, tathmini ya Gredi ya 6 ni 20, na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni 20. Aliye Gredi ya 7 leo tayari anajiwekea akiba, au deni.

Mpango wa miaka mitatu ya sekondari ya juu

Gredi ya 10 ni mwaka wa msingi. Lengo liwe moja: asiachwe nyuma kwenye milinganyo, logarithimu na trigonometria, kwa sababu mada za mbele zinapanda juu ya hizi. Mwisho wa kila mwezi mzazi atazame daftari. Huhitaji kujua hesabu. Tazama kama kazi imesahihishwa, na kama makosa yamefanywa upya.

Gredi ya 11 ndipo wengi huchoka, mada zimekuwa ndefu na mtihani wa mwisho bado uko mbali. Hapa ndipo kikundi cha wenzake watatu au wanne kinapofaa kuliko tuisheni ya watu 60.

Gredi ya 12, mada mpya zimalizike mapema, na muda uliobaki uwe wa marudio.

Walio kidato cha tatu na cha nne

Kwa hawa hakuna kuchagua, lakini kuna kupanga. Tangu 2023, gredi ya jumla ya KCSE huhesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Maana yake hisabati imo katika hesabu ya kila mtahiniwa, apende asipende.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ana C+ katika masomo sita, pointi 7 kila moja, jumla 42. Akipata E ya hisabati anaongeza pointi 1, anafika 43, na gredi yake ni C. Akipata D+ anaongeza 4, anafika 46, na hiyo ni C+, gredi ya chini ya kuingia chuo kikuu kwa digrii. Hakuhitaji A. Alihitaji kutoka E hadi D+. Wazazi wengi hukata tamaa na hesabu za mtoto wakidhani ni A au hakuna.

Namna ya kuzipata pointi hizo iko wazi. Karatasi ni mbili, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima, alama 50. Ya pili ina maswali manane ya alama 10 kila moja, naye huchagua matano. Karatasi ya kwanza hutegemea zaidi kazi ya kidato cha kwanza na cha pili, na ya pili kazi ya kidato cha tatu na cha nne. Aliye dhaifu aanze na karatasi ya kwanza. Kisha achague mada tano au sita za sehemu ya pili azishike barabara, kama vile takwimu, kodi ya mapato, latitudo na longitudo, grafu za trigonometria na uchoraji wa maumbo. Na aandike hatua zote: alama hutolewa kwa njia pia, si kwa jibu peke yake.

Muda: shule, madrasa na Ramadhani

Nusu saa kila siku inashinda saa nne za Jumamosi. Mtoto anayetoka shule, akaenda madrasa, akarudi Magharibi, hana nguvu ya saa mbili za hesabu usiku, na haifai kumwondoa madrasa. Wengi wa wanafunzi wangu walifaidika na dakika 30 baada ya Alfajiri, kabla ya kujitayarisha kwenda shule. Miaka hii Ramadhani inaangukia muhula wa kwanza. Panga mada ngumu kabla yake au baada yake, na mwezi wenyewe uwe wa maswali mepesi ya marudio baada ya daku.

Kuhusu tuisheni, usilipe kabla ya kujua pengo ni lipi. Mwalimu wa tuisheni akikuuliza mtoto anakwama wapi, huyo anajua kazi. Akikuuliza ada tu, tafuta mwingine.

Na wasichana: nimewasikia wazazi wakisema binti hesabu za nini. Wagonjwa wanaohudumiwa na wauguzi na madaktari wanawake ndio wenye jibu. Mpe binti kipimo kile kile cha maswali manne na umfuate kwa majibu yake.

Maswali ya kuuliza shuleni

Kabla ya kuchagua shule, au ukishampeleka, muulize mkuu: Walimu wa hisabati ni wangapi, na Core anafundisha nani? Mkondo wa STEM hapa unaendeshwa kwa masomo gani hasa, na maabara ipo? Mwanafunzi asiye wa STEM anaweza kufanya Core? Anayetaka kubadilisha mkondo, mwisho wake ni lini na fomu ni ipi? Yaandike majibu pamoja na tarehe.

Kwa mzazi wa Gredi ya 9, kazi ya wiki hii ni maswali yale manne. Kwa mzazi wa Gredi ya 10, ni kwenda shule kabla muhula haujakwisha. Kwa mzazi wa kidato cha nne, ni kumwuliza mtoto ataje mada tano anazoziweza. Akitaja mbili, mmejua pa kuanzia.