Miss Kenya na Mikono Iliyoitunza

Ndege ya kwanza kuandikwa katika rejista ya Kenya haikuja ikiruka. Ililetwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925, mali ya John Carberry, mlowezi wa Nyeri, na ilipaa kwa mara ya kwanza katika anga ya Kenya Aprili 1926. Ilikuwa ndege ya injini moja aina ya de Havilland DH.51, yenye mabawa ya juu na ya chini, umbo lake la mbao likiwa limevishwa kitambaa. Kiwanda kiliunda tatu tu za aina hiyo. Hii ilipewa jina la Miss Kenya, na baadaye alama VP-KAA, herufi zake mbili za mwisho zikitangaza kwamba haikutanguliwa na nyingine. Karne moja imepita, Carberry amekwisha kuwa jina la vitabuni, na ndege yenyewe bado inaruka. Iko Old Warden nchini Uingereza, mikononi mwa Shuttleworth Collection, na hakuna ndege ya de Havilland iliyo kongwe kuliko hiyo ambayo ingali inapaa. Mbao, gundi na kitambaa havidumu miaka mia vyenyewe. Mtu fulani alivishika, akavikagua, akavibadilisha, tena na tena, kizazi baada ya kizazi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya ndege za watu binafsi katika Afrika Mashariki imeandikwa karibu yote kama historia ya marubani. Tunasimuliwa Denys Finch Hatton na Gipsy Moth yake ya manjano, Beryl Markham akitafuta tembo kutoka angani kwa niaba ya wawindaji, Tom Campbell Black akimfundisha Markham kuruka. Ni masimulizi matamu, na wala si ya uongo. Lakini yanaacha nje kile kilichoyawezesha. Hoja yangu ni kwamba ndege ndogo ilienea duniani, na ikadumu katika nchi zetu, kwa sababu ilitengenezeka: injini yake iliingia akilini na mikononi mwa fundi wa kawaida, na mafundi wa kuishughulikia wakapatikana. Rubani alikuwa mfaidika wa kazi hiyo. Anayetaka kujua ndege hizi zilikuwa za nani hasa aanzie karakana.

Ushahidi wa kwanza umo ndani ya Miss Kenya yenyewe. De Havilland walipobuni DH.51 mwaka 1924 walitaka kuitilia injini ya bei nafuu iliyobaki kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Injini hiyo ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kuwasha, na wakaguzi wa serikali ya Uingereza hawakuwa tayari kuipitisha hivi hivi. Ikabidi itiwe nyingine, Airdisco ya silinda nane na nguvu-farasi 120, ambayo kila silinda ilikuwa na plagi mbili, ili mkondo mmoja ukizimika wa pili uendelee kuchoma. Usalama ulipatikana, lakini bei ikapanda, na ndiyo maana ndege hizo ziliishia tatu. Kilichofuata ndicho kilichobadilisha mambo. Mhandisi Frank Halford aliichukua injini hiyo ya silinda nane, akaigawa nusu, akatumia safu moja ya silinda nne juu ya kitako kipya, na akapata injini nyepesi ya nguvu-farasi 60 iliyoitwa Cirrus. Februari 1925 Cirrus iliruka ndani ya ndege mpya, DH.60 Moth, ambayo mabawa yake yalikunjwa kuelekea nyuma hata ikaweza kuvutwa na gari na kulazwa ndani ya banda dogo. Ndege ya mtu binafsi, kama tunavyoijua, ilizaliwa kwa fundi kuwa na vipuri vya vita vilivyobaki ghalani na kujua la kuvifanyia.

Akiba ya vipuri ilipoelekea kwisha, de Havilland walitengeneza injini yao wenyewe, Gipsy, na jinsi walivyoitangaza yafaa kutazamwa kwa makini. Hawakujisifu kwa kasi wala kwa urefu wa kupaa peke yake. Waliitia injini moja lakiri, wakairusha ndani ya Moth kwa saa 600 bila kuifungua zaidi ya matunzo ya kawaida, kisha wakaivunjavunja mbele ya wakaguzi na kuhesabu gharama za vipuri vilivyohitaji kubadilishwa. Zilifika pauni 7 na ushee. Muuzaji alijua mnunuzi anaogopa nini. Hakuogopa kuanguka tu. Aliogopa kumiliki chombo kisichotengenezeka.

Sasa tukilete chombo hicho Nairobi. Uwanja wa Nairobi West, ambao tangu 1962 unaitwa Wilson, uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ina uzito wa takriban asilimia 85 ya hewa ya Mombasa, kwa hiyo injini ya kawaida inavuta pumzi pungufu, rafadha inakata hewa hafifu, na mabawa yanabeba kidogo. Jua likipanda, upungufu unazidi. Mchanganyiko wa petroli na hewa uliopangwa kwenye kabureta kiwandani Uingereza unakuwa mzito kupita kiasi huku bara. Usiporekebishwa, plagi zinashika masizi na nguvu inapotea palepale inapohitajika. Jua hilohilo lilikuwa likila kitambaa. Ngozi ya ndege za zamani ilikuwa kitambaa kilichoshonewa kwenye mbavu za bawa kwa uzi, mshono baada ya mshono, kisha kikapakwa rangi maalumu ya kukikaza hadi kikalia kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Sauti hiyo ikififia, fundi alijua kitambaa kimechoka. Chini yake kulikuwa na gundi iliyotokana na maziwa, ambayo unyevu na ukungu wa nchi za joto huishambulia taratibu mahali jicho halifiki. Na petroli ilifika kwenye viwanja vya porini ndani ya madebe ya galoni nne, mawili kwa kila sanduku, yale yale ambayo lugha yetu iliyageuza kuwa kipimo cha mahindi na maharagwe. Debe likiwa na kutu au tone la maji, injini inakohoa angani. Kwa hiyo petroli ilichujwa kupitia ngozi laini, inayopitisha mafuta na kuyazuia maji, debe baada ya debe, na mtu aliyeinama akiangalia kilichobaki juu ya ngozi. Hata leo, kabla ya kupaa, hufunguliwa kijibomba chini ya bawa na kukingwa mafuta kidogo kwenye kikombe cha kuonea, ili kuona kama kuna maji yaliyotuama chini. Yote haya ni elimu. Kitabu kilichotoka kiwandani kiliandikwa kwa ajili ya viwanja vya baridi na nyasi za kijani. Fundi wa Nairobi, Dodoma au Mwanza ndiye aliyekijaliza kurasa zilizokosekana.

Atatokea mtu aseme kwamba ninageuza jambo kichwa chini: ndege hizi zilikuwa anasa ya walowezi matajiri, kilichoziwezesha ni fedha na ardhi iliyotwaliwa, wala si spana. Sehemu ya kwanza naikubali bila kusita. Aero Club ya Afrika Mashariki ilianzishwa 1927 kwa ajili ya watu wachache, na Mwafrika hakuwa na nafasi kwenye kiti cha rubani. Lakini fedha hununua ndege siku moja tu. Siku zinazofuata zinahitaji kitu kingine, na waliolielewa hilo ndio walioacha alama. Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa na mtaji, hakujinunulia chombo cha fahari na kukiegesha. Mwaka 1929 alianzisha Wilson Airways kwa Gipsy Moth moja, Campbell Black akiwa rubani wake, na kampuni ikasimama miaka kumi hadi vita vilipozitwaa ndege na marubani. Ratiba ya abiria na barua haisimami miaka kumi kwa utajiri wa mwenyewe. Inasimama kwa sababu kila asubuhi kuna ndege iliyokaguliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ajali nyingi, mtu atasema, huletwa na uamuzi wa rubani au na bahati mbaya. Basi rubani ndiye kiini. Ni kweli kwamba Januari 1959 mtafiti wa wanyamapori Michael Grzimek alikufa huko Serengeti baada ya ndege yake ya injini moja, Dornier iliyochorwa mistari ya pundamilia, kugongana na tai, na hakuna fundi ambaye angemzuia ndege huyo. Lakini kuhesabu ajali peke yake kunapotosha. Kazi ya karakana ikifanikiwa, hakuna kinachotokea: bolti iliyobadilishwa kwa wakati haiandikwi gazetini. Na tukio mashuhuri kuliko yote linasema upande wangu. Beryl Markham aliondoka Abingdon jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 na kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, usiku kucha, kwa ushujaa ambao sitaupunguza hata chembe. Baada ya saa ishirini hivi injini ilikufa, naye akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Hakukosea njia, wala moyo haukumshinda. Barafu iliziba tundu la kupumulia la tangi la mafuta. Safari yote ilining'inia kwenye kijitundu hicho.

Kwa nini basi mafundi hawasimuliwi? Jibu moja liko Voi. Tarehe 14 Mei 1931 Gipsy Moth ya Finch Hatton iliruka kutoka uwanjani hapo, ikazunguka, ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton alizikwa kwenye vilima vya Ngong na kuwekewa mnara. Alikufa pamoja na Kamau, mtumishi wake, ambaye vitabu vingi vinamtaja kwa jina hilo moja tu, katika nusu sentensi. Namna ya kuandika inayomfanya aliyelipia ndege kuwa mtu kamili, na aliyekuwa kando yake kuwa kivuli, ndiyo hiyohiyo iliyomfuta aliyechuja madebe na aliyeshona kitambaa. Si kwamba kazi ilikuwa ndogo. Uingereza kwenyewe, Amy Johnson alipata leseni ya fundi wa ndege mwaka 1929, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kuipata, na mwaka uliofuata akaruka peke yake hadi Australia kwa Gipsy Moth iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika. Dunia ilimshangilia rubani. Leseni ya fundi, ambayo bila hiyo asingethubutu safari ile, hutajwa mwishoni kama pambo.

Baada ya vita bati la alumini lilichukua nafasi ya mbao na kitambaa, na fundi akaacha sindano akashika ribiti. Ukungu wa gundi ulimpisha adui mwingine, kutu ya chumvi, inayozila ndege zilalazo Mombasa na Zanzibar haraka kuliko zile za bara. Cessna 172 ilianza kuuzwa mwaka 1956, na hadi sasa zimeundwa zaidi ya 44,000, idadi isiyofikiwa na ndege nyingine yoyote. Mwaka 1957 Michael Wood, daktari mpasuaji aliyejua pia kurusha ndege, alikuwa mmoja wa watatu walioasisi huduma ya madaktari warukao ambayo leo ni Amref. Ndege ndogo ikawa njia ya kufikisha matibabu kwa watu wasio na barabara. Kisha mwaka 1986 Cessna waliacha kabisa kuunda ndege za injini za pistoni, wakilemewa na kesi za fidia, na hawakurudi hadi sheria ya Marekani ilipobadilishwa 1994. Kwa miaka kumi hivi hapakuwa na mpya. Ndege zilizokuwepo ilibidi zizeeke zikiruka, na hazikuanguka kutoka mbinguni kama embe zilizoiva. Zilifunguliwa kila saa 100, injini zikavunjwa na kuundwa upya zikikaribia saa 2,000, na kila mara mtu mwenye leseni akaandika daftarini alichofanya na kutia saini. Sheria inamkataza rubani kuirusha ndege isiyo na saini hiyo, awe ndiye mwenye mali au la. Nani basi mwenye kauli ya mwisho juu ya ndege?

Nchi zetu zilipopata nafasi ya kujipangia, zililiona hili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, mwaka 1971, haikufundisha marubani peke yao. Mafundi wa ndege walisomeshwa hapohapo. Jumuiya ilivunjika 1977, chuo kikabaki Uganda, lakini waliosomea Soroti walikwisha kutawanyika katika viwanja vya nchi zote tatu.

Miss Kenya ilirudishwa Uingereza mwaka 1965, ndani ya tumbo la ndege ya mizigo ya jeshi, ikafanyiwa ukarabati Hawarden karibu na Chester, na ikaruka tena 1973. Waingereza wameitunza vizuri na wanastahili shukrani. Lakini daftari za ndege nyingine zilizofunguliwa na kufungwa katika mabanda ya Wilson, Arusha, Dar es Salaam na Entebbe ziko huku kwetu, makabatini na masandukuni, na saini zilizomo za miaka ya 1960 na 1970 ni za wazee ambao baadhi yao wangali hai. Makavazi yetu yakusanye daftari hizo sasa, na wanaoandika historia wakawaulize wazee hao majina yao kamili.