Kinundu katika pafu: Safari ndefu ya kutenganisha saratani na kovu

Kinundu cha pafu ni doa dogo la mviringo lisilozidi milimeta 30 kwa upana. Mwenye nacho kwa kawaida hasikii maumivu yoyote; hugunduliwa anapopigwa picha kwa sababu nyingine. Hapo huzuka swali lililowashughulisha madaktari kwa zaidi ya nusu karne: je, hii ni saratani, au ni kovu la maradhi yaliyokwisha kupona? Daktari akikosea upande mmoja, kifua cha mtu hupasuliwa bure. Akikosea upande wa pili, saratani iliyokuwa ikitibika huachwa ikaenea.

Mwanzoni chombo pekee kilikuwa eksirei, miale iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Lakini picha yake hulaza mbavu, moyo na mapafu juu ya bapa moja, na kinundu kidogo hujificha kwa urahisi. Madaktari wakashika kanuni mbili: kinundu kilichojaa chokaa kwa kawaida si saratani, na kisichokua kwa miaka miwili ni salama. Vingine vingi viliishia mikononi mwa mpasuaji.

Mageuzi yaliletwa na watu wawili ambao hawakuwa madaktari. Mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulitafakari suala hili mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Nchini Uingereza, Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alitengeneza mashine ya CT, na mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 jijini London. Wote wawili walitunukiwa Nobel mwaka 1979.

Mashine hiyo huuonyesha mwili kama mkate uliokatwa vipande vyembamba, na kila nukta hupewa namba kulingana na jinsi inavyoizuia miale: maji ni 0, hewa ni hasi 1000. Mwaka 1980 Stanley Siegelman na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walipendekeza namba 164 iwe mpaka. Kinundu kilichouvuka kilihesabiwa kuwa na chokaa, na hivyo si saratani. Haukupita muda ikabainika kwamba mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa kitu kile kile. Umbo nalo likatazamwa: kingo zenye miiba hutia shaka, kingo laini hutia moyo. Hata hivyo, zipo saratani zenye kingo laini, na yapo makovu yenye miiba.

Shahidi mwingine alikuwa wakati, naye pia alihojiwa. Mwaka 1997 David Yankelevitz na Claudia Henschke waliichambua upya kanuni ya miaka miwili na kuonyesha kwamba msingi wake ulikuwa dhaifu. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kinundu cha milimeta 5 kikifikia milimeta 6.3 tu, ujazo wake umekwisha kuongezeka maradufu, na tofauti hiyo ni vigumu kuiona kwa macho.

Mwaka 1999 Henschke na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu 1,000 waliowahi kuvuta sigara: 233 walikuwa na vinundu visivyo na chokaa, lakini ni 27 tu waliokutwa na saratani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 53,000, uliochapishwa mwaka 2011, ulithibitisha kwamba CT hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei. Ulionyesha vilevile kuwa katika kila majibu 100 ya kutia shaka, zaidi ya 96 hayakuwa saratani. Ndiyo maana miongozo ya Jumuiya ya Fleischner, ya mwaka 2005 na 2017, ikasisitiza subira: vinundu vidogo mno kwa mtu asiye katika hatari havihitaji kufuatiliwa, vingine hupigwa picha tena baada ya miezi kadhaa, na vichache tu ndivyo vinavyochomwa sindano au kupasuliwa.

Kwa wasikilizaji wenye asili ya Afrika Mashariki, lipo jambo la kuzingatia. Kifua kikuu huacha makovu yanayofanana sana na saratani, na hata kipimo cha PET huweza kudanganywa nacho. Kinyume chake pia hutokea: mwenye saratani hupewa dawa za kifua kikuu kwa miezi kadhaa huku ugonjwa ukisonga mbele. Kwa hiyo aliyewahi kuugua kifua kikuu na amwarifu daktari wake, na mwenye picha ya zamani, hata iliyopigwa Mombasa au Dar es Salaam miaka kumi iliyopita, asiitupe. Doa lililokuwamo tangu wakati huo bila kubadilika linaweza kumwepusha na kisu. Doa ambalo halikuwamo linaweza kumfanya awahi matibabu.