Mama Mweusi wa Linwood

Jumapili ya Pasaka, tarehe 26 Machi 1967, waumini weusi wa kanisa moja katika barabara ya Linwood, jijini Detroit, waliingia ibadani wakakuta dirisha la mbele limezibwa. Lilikuwa la vioo vya rangi, likionyesha walowezi wa Kiingereza wakishuka Plymouth: mababu wa watu wengine kabisa. Mbele yake ilisimama picha ya futi 18 ya Bikira Maria, mweusi tititi, amempakata mwanawe. Mchoraji, Glanton Dowdell, aliwahi kufungwa, na kipaji chake alikikuza gerezani.

Wazo lilikuwa la Mchungaji Albert Cleage, ambaye mwenyewe alikuwa mweupe hata mgeni angeweza kumdhania Mzungu. Alifundisha kwamba Waisraeli walikuwa taifa la watu weusi waliotawaliwa na Warumi weupe, na kwamba Yesu alikuja kulikomboa taifa hilo. Anayempigia magoti Mungu mwenye sura ya bwana wake, aliamini Cleage, amekwisha kushindwa kabla hajaanza kudai haki. Hakuwa na hamu ya kukaribishwa mezani kwa Wazungu. Alitaka watu weusi washike shule, maduka na kura za mitaa yao.

Wanazuoni wengi waliyapinga mafundisho hayo, nayo kweli yana matundu. Ila picha haikuwa na haja ya kungoja mjadala. Mama anayemkinga mtoto wa kiume dhidi ya askari wa Herode alieleweka bila mahubiri katika mitaa ambako polisi ndio waliokuwa tishio.

Miezi minne baadaye, Julai, uvamizi wa polisi katika baa moja isiyo na leseni uliwasha ghasia zilizoua watu 43. Kanisa lilibadili jina likaitwa Hekalu la Madonna Mweusi, na baadaye likafungua matawi Atlanta na Houston. Cleage naye alijiita Jaramogi Abebe Agyeman, jina la kwanza likiwa lile lile ambalo Wakenya wanalijua kwa Oginga Odinga.

Katika siku zile za ghasia, kwenye barabara hiyo hiyo ya Linwood, watu waliipaka rangi nyeusi uso, mikono na miguu sanamu ya Yesu iliyo nje ya seminari ya Kikatoliki ya Sacred Heart. Wengine wakairudishia weupe. Seminari yenyewe ikaamua kuipaka nyeusi tena, na weusi huo imeuhifadhi.