Herufi za Kwanza katika Nchi ya Meru

Wamisionari wa Leipzig, waliofungua kazi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, walishika kanuni ya kumfundisha mtoto kwa lugha ya mamaye. Baadaye Kiswahili kilitwaa mahali pake; na mwaka 2015 mtaala wa Tanzania ulikusanya mafunzo ya darasa la kwanza na la pili katika kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili.

Kwa mtoto wa Kaloleni, mjini Arusha, mzigo huo si mzito, maana Kiswahili ndicho achezeacho na wenziwe. Lakini Waarusha wa mlimani husema Kimaasai, nacho hakina sauti ya f, wala v, wala z. Mtoto wao aonyeshwapo neno “vazi” hana budi kutafuta sauti, herufi na maana pamoja. Yule wa mjini hutafuta herufi tu. Nasi (twakiri kosa) tuliwapima wote kwa saa ile ile, tukamwandika mjinga aliyekuwa angali akitafuta sauti kinywani. Sasa twaanza na “mama”, “kiti”, “nyoka”. “Vazi” hungoja hata ulimi uzoee.